Boksi kwanza, sabufa baadaye

Tunaandika kutoka pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Leo hatuandiki kuhusu mgao wa chakula wala kadi za usajili. Tunaandika kuhusu sabufa ya gari. Tunajua wengine mtacheka, mtasema hawa vijana wamekosa la kusema. Subirini kidogo, mtatuelewa.

Sisi ni vijana wa Palma, Mocímboa da Praia na vijiji vya katikati. Baadhi yetu tulikimbia kwa miguu porini. Baadhi tulipanda mashua mpaka Pemba, tukateremkia ufukwe wa Paquitequete mwaka 2020 pamoja na maelfu ya wengine. Baadhi tulivuka Ruvuma. Sasa wengi tumerudi, au tunaishi karibu na kwetu, na mwenzetu mmoja amepewa na mjomba wake Hiace kuukuu inayofanya kazi ya chapa, yaani daladala kwa ndugu zetu wa Tanzania. Hilo gari ndilo lililotuletea mjadala huu.

Mvua zilizopita tulichangishana, tukaagiza sabufa kutoka ng'ambo, Mtwara. Inchi 12, na kwenye karatasi yake imeandikwa kwa herufi kubwa: wati 1500. Tukafurahi kama watoto. Boksi tuligonga wenyewe kwa siku moja, kwa mbao za kabati lililovunjika, zile za unga wa mbao uliogandishwa. Tukatoboa na tundu la hewa kwa kukadiria macho tu. Jumamosi jioni tukaegesha gari karibu na nyumba, tukawasha.

Wimbo wa kwanza ulipita salama. Wa pili ulikuwa na ngoma nzito. Ikatoka sauti, duu, duu, mabati yakatetemeka. Jirani yetu mmoja, ambaye sote tunamwita Mama Mkubwa, alitoka jikoni amebeba mjukuu mmoja mgongoni na mwingine kamshika mkono, akakimbia kuelekea mikorosho. Hakuuliza kitu. Sufuria ya wali ilibaki motoni. Kina mama wengine wawili wakamfuata. Sisi tukazima muziki, tukawakimbilia huku tukiita, na hilo likawa kosa la pili, maana mtu anayekimbia akisikia vijana wanakuja mbio nyuma yake, huzidisha mwendo.

Tulipompata alikuwa amekaa chini ya mkorosho, anahema. Tukamwomba radhi. Akatuambia, "Wanangu, mimi sikusikia ngoma. Nilisikia siku ile." Hakuna aliyemuuliza siku gani. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Mocímboa da Praia ilishambuliwa mara ya kwanza Oktoba 2017, ikatekwa Agosti 2020, ikakombolewa Agosti 2021. Kila mtu hapa ana siku ile yake.

Usiku ule kundi letu liligawanyika. Kuna waliosema sabufa iuzwe kesho yake. Siku chache baadaye tukawa na kikao, na mgeni mmoja anayefanya kazi za misaada akasema kwa upole kwamba sabufa ni anasa, hiyo pesa ingefanya jambo la maana. Hatumtaji na hatuna ugomvi naye, alisema anachoamini. Ila hatukubaliani naye, na wala hatukubaliani na wenzetu waliotaka kuuza. Maoni yetu ni haya: sabufa ya gari ni kazi, na kazi ikifanywa vizuri haimkimbizi mtu. Kosa letu lilikuwa kununua wati kabla ya kujenga boksi, na kuwasha kabla ya kuongea na jirani.

Tuanze na hilo neno anasa. Kwenye njia zetu abiria akiwa na machapa mawili mbele yake, yote nauli moja, atapanda lenye muziki. Harusi ikija, gari lenye muziki linakodishwa. Mechi ya mpira ikichezwa, hivyo hivyo. Na mashirika yenyewe, yakitaka kutangaza chanjo, mgao au kipindupindu, yanatafuta gari lenye spika. Kwa hiyo kijana anayejua kuchagua spika, kuunda boksi na kuvuta nyaya bila kuunguza gari, huyo ana ufundi, kama fundi cherehani au seremala. Na kuna jambo jingine ambalo haliingii kwenye fomu: tuliishi miezi mingi tukinong'ona. Porini usiku mama anamziba mtoto mdomo. Mtu aliyenong'ona vile, siku akisikia muziki wazi barabarani, anajua kwamba leo kuna amani kidogo. Hilo nalo lina thamani yake.

Lakini sasa tuseme ukweli kuhusu makosa yetu sisi vijana, maana tusipojisema wenyewe tutasemwa.

Kosa la kwanza ni wati. Tunanunua namba iliyoandikwa kubwa. Ile 1500 ni wati za kilele, za kufumba na kufumbua jicho. Wati zinazofanya kazi saa zote zimeandikwa kwa herufi ndogo, pembeni kuna RMS. Kwenye sabufa yetu zilikuwa 300. Na upande wa amplifaya kuna njia rahisi ya kuujua ukweli: angalia fyuzi zake. Fyuzi haidanganyi. Kama amplifaya ina fyuzi moja ya ampea 25, na gari likiwa linawaka lina volti karibu 13.8, zidisha: 25 mara 13.8 ni wati 345 zinazoingia. Kati ya hizo, robo au hata nusu hupotea kuwa joto, kutegemea aina ya amplifaya. Kwa hiyo zinazofika kwenye sabufa hazifiki 300, hata kama ubavuni wameandika elfu mbili. Nenda dukani na hesabu hiyo kichwani, muuzaji atakuheshimu.

Halafu wati zenyewe hazifanyi tunavyodhani. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida. Ili sikio lako liseme muziki umekuwa mkubwa mara mbili, unahitaji wati kama mara kumi. Sasa kijana anayeuza simu yake ili atoke wati 300 aende 600, anapata nini? Anapata betri inayokufa.

Kosa la pili, na ndilo kubwa, ni kudharau boksi. Wazee wetu wanajua ngoma. Ngozi bila mzinga haitoi mlio, inapigapiga tu kama kitambaa kwenye upepo. Sabufa ndiyo ngozi, boksi ndilo mzinga. Ukitaka kuamini, shika sabufa mkononi bila boksi na uiwashe: utaiona inatikisika sana, besi husikii. Sababu ni kwamba inaposukuma hewa mbele, wakati huo huo inavuta hewa nyuma, na hizo mbili zikikutana zinafutana. Kazi ya boksi ni kutenganisha mbele na nyuma.

Maboksi yako ya aina nyingi, lakini kwetu yanayotengenezwa ni mawili. La kwanza limezibwa kabisa, hewa haitoki wala haiingii. La pili lina tundu au bomba. Lenye tundu linatoa kelele nyingi zaidi kwa wati zile zile, ndiyo maana vijana wanalipenda. Lakini lina masharti. Ni kubwa zaidi: sabufa ya inchi 12 mara nyingi inataka lita 50 au zaidi. Upana na urefu wa bomba lazima vipigiwe hesabu, maana bomba ndilo linaloamua boksi livume kwenye sauti ipi. Ukikosea, boksi linaendelea kuvuma hata baada ya ngoma kunyamaza, na kwenye sauti za chini kuliko ile ya bomba, sabufa inakosa hewa ya kuizuia, inarukaruka mpaka inajiumiza. Hilo ndilo boksi tulilolitengeneza sisi kwa macho. Mama Mkubwa hakusikia ngoma kwa sababu haikuwa ngoma, ilikuwa mvumo usiokatika.

Boksi lililozibwa linasamehe. Ukikosea lita moja mbili, halilalamiki sana. Hewa iliyofungiwa ndani inafanya kazi ya springi: inairudisha sabufa mahali pake haraka, ngoma inapigwa na inakoma. Mmarekani Edgar Villchur ndiye aliyeuonyesha ulimwengu jambo hili mwaka 1954 kwa spika yake ya AR-1: boksi dogo, limezibwa, na besi safi. Baadaye Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na Richard Small katika miaka ya 1970, wakatoa hesabu ambazo mpaka leo zinatumika duniani kote. Ile karatasi ndogo inayokuja na sabufa, yenye Fs, Qts na Vas, ni kazi yao. Msiitupe. Kwa kawaida Qts ikiwa kati ya 0.4 na 0.7, sabufa hiyo inakubali boksi la kuzibwa. Ikiwa chini ya hapo, inapenda zaidi lenye tundu. Na kama kiwanda kimeandika lita zinazotakiwa, fuateni hizo.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa vijana wenzetu wa hapa, ambao wengi hatuna kompyuta ya kupiga hizo hesabu: fanyeni la kuzibwa. Sisi tulibomoa la kwanza tukaanza upya, na mambo yalikuwa hivi.

Dada mmoja kati yetu, ambaye shule yake ilikatika kwa vita akiwa anapenda hisabati kuliko sisi wote, ndiye aliyepima. Hesabu ni rahisi: urefu mara kimo mara kina, vyote kwa sentimita na vya ndani, kisha gawanya kwa 1000 upate lita. Karatasi yetu ilitaka lita 32 hivi. Akatoa 45 kwa 36 kwa 22, ikawa 35,640, yaani lita 35 na nusu. Akapunguza lita 3 za mwili wa sabufa wenyewe na vipande vya mbao vya kukazia pembe. Imebaki inayotakiwa. Mbao ilikuwa ya milimita 18, kwa hiyo vipimo vya nje viliongezeka sentimita 3.6 kila upande. Wengi wanasahau hapo, wanapima nje, wanapata boksi dogo kuliko walivyotaka.

Mbao tulibadilisha. Ile ya unga hapa pwani ikipata unyevu inavimba kama mkate kwenye chai. Tulichukua plaiwudi ya milimita 18, na tukaipaka vanishi ndani na nje. Chini ya milimita 15 usijaribu, boksi lenyewe litaanza kucheza badala ya sabufa.

Kisha ikaja kazi ya kuziba, na hapa tulipata mwalimu ambaye hatukumtegemea. Babu mmoja wa mtaani ni fundi wa majahazi. Alipita, akatazama, akauliza, "Hii nayo inakwenda baharini?" Tukamwambia, "Shikamoo babu, hapana, hili linatakiwa hewa isitoke." Akacheka. Akasema basi ni jahazi lililogeuzwa, badala ya kuzuia maji yasiingie, linazuia pumzi isitoke. Akatuonyesha anavyotia kalafati: hakimbilii misumari, anaanza na mbao kukaa vizuri juu ya mbao. Gundi kwanza kwenye ukingo wote, halafu skrubu kila baada ya kiganja, halafu ndiyo kuziba kila pembe kwa ndani. Sisi tulitumia silikoni mahali pa pamba na mafuta yake. Silikoni iacheni ikauke siku nzima kabla ya kufunga sabufa, kwa sababu mvuke wake unaweza kuiharibu. Ndani tukaweka usufi kidogo wa mto. Unalegeza hewa, boksi linajisikia kubwa kidogo kuliko lilivyo.

Kujua kama linavuja, pigeni muziki wenye besi kwa sauti ndogo, washeni ubani, mpitishe moshi kwenye pembe zote. Moshi ukiruka mahali, pana tundu hapo. Babu alifurahia sana jaribio hilo. Alisema siku nyingine atalitumia kwenye mashua, tukajua anatutania.

Kosa la tatu ni nyaya, na hili linaua. Waya unaotoka kwenye betri lazima uwe na fyuzi, na fyuzi iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45. Ile fyuzi iliyo kwenye amplifaya haitoshi. Waya ukichubuka mahali pa katikati na kugusa bati la gari, fyuzi ya nyuma haijui lolote, na moto unaanza chini ya miguu ya abiria. Waya unapopita kwenye bati, tieni mpira kwenye tundu. Kwa amplifaya kama yetu tulitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 16 na fyuzi ya ampea 30. Mkwangue waya kwa kisu kabla ya kununua: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha umeme mdogo kwa unene ule ule.

Waya wa ethi, ule mweusi, uwe mfupi, na ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi mpaka ling'ae. Hapa kwetu chumvi ya bahari inakula kila kitu, kwa hiyo mkishafunga pakeni grisi juu yake. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, na nyaya za sauti upande mwingine, la sivyo mtasikia alteneta inaimba pamoja na msanii. Sabufa mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 2. Hakikisheni amplifaya inaruhusu, la sivyo itaungua. Na boksi lenyewe lifungwe kwenye sakafu kwa boliti au mkanda madhubuti. Boksi pamoja na sabufa vinaweza kufika kilo 20, na barabara zetu mnazijua. Dereva akifunga breki ghafla, hizo kilo 20 zinakwenda kwenye kisogo cha abiria.

Betri nayo. Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini. Haikutengenezwa kukesha na muziki. Mkipiga muziki injini imezimwa, kesho alfajiri gari haliwaki. Njia zetu si za kukwama, hilo hatuhitaji kueleza.

Sasa tunageukia ndugu zetu wa mashirika, kwa sababu kuna jambo linawahusu moja kwa moja. Mnapokodi gari la matangazo, msichague lenye mshindo. Sabufa haisemi maneno. Kazi yake iko chini, karibu na hezi 80 kushuka. Maneno yanaeleweka kwa sauti za juu zaidi, hasa kati ya hezi 1000 na 4000. Mtu akisikia "...ipindu... maji... chemsha..." katikati ya mvumo, atajaza mwenyewe yaliyobaki. Na tunajua watu wenye hofu wanajaza nini. Tarehe 7 Aprili 2024, jirani zetu wa mkoa wa Nampula walipakiana kwenye mashua ya uvuvi kutoka Lunga kwenda Ilha de Moçambique. Wenye mamlaka walisema wengi walikuwa wanakimbia kipindupindu kwa sababu ya habari za uongo zilizoenea. Mashua ilizama. Walikufa zaidi ya watu 90, wengi wao watoto. Hatusemi spika ingewaokoa. Tunasema neno lisilosikika vizuri, mahali penye hofu, si jambo dogo.

Kwa hiyo gari la matangazo liwe na honi nzuri juu, sabufa izimwe wakati mtu anaongea, na anayeongea aseme Kimwani, Kimakonde au Kiswahili kulingana na mtaa. Muziki upigwe kidogo wa kuita watu, kisha unyamaze. Na fundi anayejua kutofautisha hayo ndiye huyo huyo kijana mliyemwambia anachezea anasa.

Tunaomba pia jambo moja. Mnapogawa vifaa vya kuanzia kazi, tunaona cherehani, tunaona randa na misumeno, tunashukuru. Ongezeni kipima umeme, bunduki ya silikoni, koleo la nyaya, na miezi michache kwa fundi mzoefu. Boksi ni useremala, nyaya ni umeme, kupima ni hesabu. Kijana akishajua kufunga amplifaya bila kuunguza gari, hashindwi kufunga sola kwenye zahanati. Sisi sasa tuko kwenye gari la tatu, na mwenye gari ndiye aliyetutafuta.

Lakini ufundi peke yake haumalizi neno la Mama Mkubwa. Hata boksi zuri likifunguliwa mpaka mwisho linatisha. Besi haizuiwi na turubai, wala ukuta wa udongo na mianzi. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, linapita ndani ya nyumba kama halikuona ukuta. Wewe uliye ndani ya gari unasikia wimbo mzima. Aliye jikoni mita hamsini anasikia duu tu. Hasikii mwimbaji, hajui kama ni furaha. Hii ndiyo sehemu ambayo sisi vijana hatukuwa tumeifikiria kabisa.

Tukakaa na wazee na kina mama, tukakubaliana mambo machache. Karibu na nyumba sabufa inabaki chini, na baada ya magharibi inazimwa. Anayejaribu spika mpya aende uwanjani, mchana, na apite kwanza nyumba kwa nyumba kusema. Karibu na kituo cha afya na shule ni kimya. Na ndani ya chapa, mtu aweze kuongea na jirani yake bila kupiga kelele: ukilazimika kupiga kelele kwa mtu aliye karibu na mkono wako, sauti imeshapita kiasi. Wataalamu wa usalama kazini wanasema desibeli 85 zinavumilika saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Kondakta anakaa humo kutwa. Masikio yake hayana akiba.

Kuna wenzetu watasema tumekuwa wazee. Sawa. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, na sisi tulishaona yetu ikipasuka siku ya kwanza. Hatutaki mtaa unyamaze. Tumenyamaza vya kutosha. Tunataka muziki ambao hakuna mtu anayeacha wali motoni kwa ajili yake.

Mwezi uliopita kulikuwa na harusi kwa jamaa zake Mama Mkubwa. Alituita mwenyewe. Akasema lileteni gari lenu, na hilo boksi la Babu. Tukamuuliza kwa hofu, mama, una hakika? Akasema, "Nina hakika. Ila msianze ghafla. Anzeni chini, mnipe nafasi nijue ni nini, halafu pandisheni."

Tulianza chini. Alikaa kwenye mkeka mlangoni, akasikiliza, kisha akainua mkono kidogo, kama mtu anayemwambia dereva songa mbele. Tukapandisha. Akainua tena. Mara ya tatu alishusha kiganja, hapo hapo, basi, na sisi tukaacha pale.

Vijana wenzetu, fanyeni hivyo. Boksi kwanza, fyuzi karibu na betri, na kabla ya kuwasha mwambieni jirani. Ndugu zetu wa mashirika, mkija tena, ombeni kusikia. Tutawaanzia chini.